Chumba cha Baiskeli Namba Kumi na Nne

"Inueni visigino!"

Waendesha baiskeli kumi na sita wa bekari waliinua visigino. Kila mmoja alisimama kando ya baiskeli yake, mikono nyuma, uzito wote wa mwili umeangukia mbele ya nyayo, pale nyuma kidogo ya vidole. Msimamizi alipita mbele yao akihesabu kwa sauti hadi ishirini. Siku nzima mtu huyu hakuwa na neno jingine zaidi ya "Saa ngapi sasa?", na wafanyakazi walimwita hivyo hivyo, Saa Ngapi. Asubuhi tu, wakati wa kuhesabu, ndipo haraka ilipomtoka.

"Saba... nane... Wewe, Kumi na Nne, mbona unatoka jasho? Jua lenyewe bado limejifunika shuka."

"Chai ilikuwa ya moto, mkuu."

"Uliinywa kwa mguu? Maana naona mguu ndio unaotetemeka."

Wenzake walicheka kicheko kile cha watu wanaoomba zamu isiwafikie. Kumi na Nne naye akacheka. Alikuwa ameegemeza kiuno kwenye siti ya baiskeli, kidogo tu, kiasi cha kumpunguzia mguu wa kulia kilo mbili tatu. Msimamizi alipofika ishirini, visigino thelathini na viwili vilishuka kwa pamoja, na mtu mwenye masikio angesikia pumzi kumi na sita zikishuka navyo.

Pale uani mtu hakuwa na jina ila namba ya baiskeli yake. Namba hiyo hiyo, kwa rangi nyekundu ile ile, ilipakwa kwenye mlango wa chumba, maana nyuma ya bekari kulikuwa na safu ya vyumba kumi na sita. Ukipewa baiskeli unapewa chumba. Ukinyang'anywa baiskeli unahama siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, kwa sababu mwendeshaji mpya ameshafika langoni na godoro lake. Mwaka uliopita Kumi na Nne alimsaidia Namba Tisa kubeba kabati. Walipofika langoni Namba Tisa aliuliza, "Tunaelekea upande gani?"

Na baiskeli zenyewe hazikuwa na pedali. Zamani zilikuwa nazo, pana, zenye raba. Kisha pedali mbili zikaibwa katika wiki moja, na mwenye bekari akaamuru zilizobaki zote zing'olewe na kufungiwa stoo, zisije nazo zikaibwa. Kwenye ekseli vikavishwa vipande vya bomba, vinene kama kidole gumba. Miaka kumi na mmoja sasa, wanaume kumi na sita wanausukumia mji mzima mikate kwa kukanyaga bomba, huku pedali zimelala stoo salama salimini. Mwendeshaji mmoja alipokufa ganzi mguuni akaanguka na kreti nzima ya mikate kwenye dimbwi, mwenye bekari hakuuliza habari za bomba. Aliagiza miguu ikaguliwe kila asubuhi.

"Saa ngapi sasa?" Saa Ngapi alifoka. "Pakieni, pakieni!"

Kumi na Nne alipakia kreti zake mbili, moja mbele na moja kwenye keria, akapanda, akauweka mguu wa kulia juu ya bomba. Alifumba macho. Kisha akakanyaga.

*

Alasiri, kazi ilipokwisha, Kumi na Nne alimkuta mkewe kwenye cherehani akishona sare za shule. Chumba kilikuwa kimoja, pazia limekigawa: upande huu kitanda cha mume na mke, upande ule godoro la watoto wawili na kitanda cha mama yake mume. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukuta wa tanuri la bekari. Miezi miwili ya baridi watu waliwaonea wivu. Miezi kumi iliyobaki walilala wamelowa chapachapa.

"Vua raba upumzike," mkewe alisema.

"Nitavua."

"Tangu uingie unasema nitavua. Kuna nini humo? Umeficha mke wa pili?"

Kutoka nyuma ya pazia mama akadakia, "Raba yenyewe haimtoshi yeye peke yake, huyo mke angekaa wapi?"

Ilikuwa kweli. Raba za kazi zililetwa za namba moja kwa watu wote, nyembamba, soli yake laini unaweza kuikunja kama daftari. Mume alizivua polepole, ya kushoto kwanza, na alipoigusa ya kulia alivuta hewa kwa meno. Mkewe aliacha cherehani. Alipiga magoti, akaushika mguu, akabonyeza chini ya wayo, nyuma ya kidole cha pili na cha tatu.

"Basi! Basi, mama watoto!"

"Hapa?"

"Hapo hapo. Kama nimekanyaga kaa la moto na limegoma kutoka. Halafu vidole hivi viwili sivisikii, kama si vyangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Mvua zimeanza na kuisha, baba, na hukufungua kinywa."

"Ningesema nini? Kwamba nakanyaga bomba? Kila mtu hapa anakanyaga bomba."

"Na kila mtu anachovya mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, mlango umefungwa," mkewe alisema. "Mnadhani hatujui? Mke wa Kumi na Moja kaniambia mumewe anang'ata mto usiku."

"Sasa ukishajua, utamwambia nani? Saa Ngapi?"

Mkewe alichukua kipande cha blanketi kuukuu, akakikunja mara nne, akakikata kwa duara. Alipima kwa kidole mahali panapouma, akaweka alama ya chaki ndani ya raba, akakishona pale pale. Alishona kwa mkono, kwa mishono midogo ya mtu anayeshonea anayempenda. Mumewe alipoivaa raba na kusimama, uso ulimlegea.

"Kama godoro," alisema.

"Umemwona mkwe wangu mimi?" mama alijisifu nyuma ya pazia, maana mkwe akifanya jema huwa ni wake.

*

Siku ya kwanza kitambaa kilimfaa. Ya pili hakikumfaa wala hakikumdhuru. Siku ya tatu, nusu ya njia, mguu uliwaka mpaka gotini. Alifika kwenye duka la mama mmoja anayechukua mikate thelathini kila siku, akashuka kwa mguu wa kushoto, akashusha kreti ya keria, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameikalia na kuivua raba.

"We bwana mkate!" mwenye duka alipiga kelele. "Hicho unachokalia ndicho ninachowauzia watu!"

"Samahani, dada. Dakika moja tu."

"Dakika moja makalio yako, maisha yangu yote aibu. Hebu simama! Wateja, mnaona? Mnaona mkate wenu unapopigwa pasi?"

Wateja wawili walicheka. Wa tatu, mzee mwenye mkoba, alikunja uso akaenda zake duka la pili. Mikate mitatu ilikuwa imelala bapa. Mwenye duka aliirudisha, na mwendeshaji akaiweka juu ya kreti mahali ambapo Saa Ngapi angeiona, kwa sababu kuificha kungekuwa kosa la pili.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mkewe alimburuta zahanati. Alikataa mara tatu njiani, na kila alipokataa alikuwa amekwisha kwenda hatua nyingine kumi.

Nesi alikuwa mama wa makamo, sauti nzito, mikono ya baridi. Aliubonyeza mguu kati ya mifupa miwili, mgonjwa akaruka. Kisha akaigeuza raba, akaingiza vidole ndani, akakuta kile kitambaa.

"Nani kakushonea?"

"Mimi," mke alisema.

"Umeshona vizuri sana, mwanangu. Mishono kama ya mashine. Ila umeweka mahali pabaya kuliko pote."

"Nimeweka panapouma."

"Kila mtu anaweka panapouma. Tazama." Alikunja ngumi, akaigonga juu ya meza kwa vifundo vya vidole. "Hii ni mifupa yake ya mbele ya mguu. Bomba linaipiga kutoka chini siku nzima. Wewe umeingiza kitu kinene katikati, papo hapo inapopigwa. Sasa bomba limepata msaidizi. Kitambaa kinakaa nyuma yake, hapa, kabla hujafika kwenye maumivu, ili mifupa inyanyuke kidogo na kupata nafasi."

Mke aliikodolea macho ile meza kama aliyepigwa juu yake ni yeye.

"Usijilaumu," mumewe alisema.

"Nyamaza kwanza, nasikiliza."

Nesi aliendelea. Alitaka viatu vipana vya soli ngumu, visivyokunjika. Alitaka pedali pana. Alitaka mwendeshaji aache kukanyagia ncha ya mguu na kuusogeza mbele, ili uzito uangukie karibu na katikati ya wayo. Na kabla ya yote hayo alitaka wiki tatu bila baiskeli.

"Hakuna vidonge?" mume aliuliza.

"Vipo. Nikikupa utakanyaga vibaya bila kusikia, halafu utarudi hapa na fimbo." Aliandika karatasi, akapiga mhuri. "Mpe msimamizi wako."

Mume aliipokea karatasi, akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

Nesi alimtazama akikunja. "Wewe ni wa saba kutoka bekari mwaka huu," alisema. "Wote walikunja hivyo hivyo."

"Wa saba? Akina nani?"

"Siri za wagonjwa huwa sitaji. Waulize wenzako."

Njiani, mke alisema, "Mpe Saa Ngapi hiyo karatasi."

"Nikimpa karatasi hii nimempa ufunguo wa chumba. Wiki tatu baiskeli isimame? Atampa mtu kesho asubuhi. Mama ataenda kulala wapi? Na watoto?"

"Basi tutafute pedali."

*

Fundi baiskeli alikuwa na kibanda kando ya barabara, na mdomo usiopumzika. "Bekari?" aliuliza. "Mnabeba mikate mia mbili kwa siku mnakanyaga njiti? Hata mimi ninayewala watu hela nisingekubali." Alichukua ubao mgumu, akakata vipande vinne, akavibana viwili viwili pande zote za bomba kwa bolti. Zilitoka pedali pana kama kiganja cha mtu mzima. Mke alilipa kwa sare mbili za watoto wa fundi, ambazo angezishona wiki ile.

Kitambaa walikihamisha nyuma. Raba waliipasua pembeni kwa wembe, kidole kidogo kikapata pa kukaa. Jumatatu, baada ya ukaguzi, Kumi na Nne aliweka katikati ya wayo juu ya ubao, kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza tangu mvua alifika kwenye duka la mwisho bila kushuka njiani. Mwendo ulikuwa wa taratibu kidogo, lakini alifika. Alasiri alimkuta mama yake mlangoni akampigia saluti.

"Leo umerudi na miguu miwili," mama alisema. "Juzi ulikuwa unarudi na mmoja na nusu."

Kumi na Moja alikuja jioni, akachuchumaa kando ya baiskeli, akaugusa ubao kama anayegusa kitambaa cha bei. "Ndugu yangu," alinong'ona, "usimwambie mtu. Fundi huyo yuko wapi?" Jumatano baiskeli nne zilikuwa na mbao. Alhamisi zilikuwa saba. Kumi na Nne alizihesabu na kukumbuka hesabu ya nesi, akaona raha ya ajabu, raha ya mtu aliyedhani anaumwa peke yake.

Ijumaa Saa Ngapi aliinama kufunga kamba ya kiatu, akaziona.

"Hizi ni nini?"

Uani tanuri tu lilisikika.

"Nimeuliza hizi ni nini. Nani kaanza?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Hakukuwa na haja. Macho ya wenzake sita yalimpa jibu.

"Mimi, mkuu," Kumi na Nne alisema. "Ni mbao tu. Bomba linaumiza miguu."

"Linamuumiza nani?"

"Linatuumiza wote."

"Wote?" Saa Ngapi alinyooka. Sura yake ilikuwa na upole, na wanaume waliomjua waliuogopa upole huo kuliko kelele zake. "Haya. Asiyeweza kukanyaga bomba asogee mbele. Leo nasikiliza. Kumi na Moja, wewe una mbao. Mguu unakuuma?"

Kumi na Moja alikuwa na watoto watano na mke mjamzito katika chumba cha tatu kutoka cha Kumi na Nne. Usiku wa jana, akipita mlangoni pake, Kumi na Nne alikuwa amesikia mlio wa mto unaong'atwa. Sasa Kumi na Moja aliuangalia mnyororo wa baiskeli yake kwa makini sana, kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Mimi mzima, mkuu. Niliweka kwa ajili ya urembo."

"Urembo. Namba Mbili?"

"Mzima, mkuu."

"Namba Sita?"

"Mzima."

Alipita hadi mwisho. Watu kumi na watano walikuwa wazima. Mbao zilifunguliwa, na waliozifungua ni wao wenyewe, kwa spana ya bekari, zikarundikwa kwenye kreti tupu.

"Kilichofungwa kwenye baiskeli ya bekari ni cha bekari," Saa Ngapi alisema. "Pelekeni stoo." Mbao zikaenda kulala na pedali.

Kisha akamgeukia Kumi na Nne. "Na wewe unayeumwa kwa niaba ya watu wazima, inua kisigino. Mguu mmoja. Wa kulia."

Alihesabu moja, mbili, tatu. Kwenye nne, Kumi na Nne aliidaka siti ya baiskeli ili asianguke, baiskeli ikaanguka, na yeye juu yake. Aliposhikwa mkono ainuke, aliyemshika alikuwa Kumi na Moja.

"Ufunguo wa chumba uwe mezani kwangu kabla ya saa kumi na mbili jioni," Saa Ngapi alisema. "Saa ngapi sasa? Nyinyi wengine pakieni!"

*

Saa tisa alasiri mtu mmoja mwenye godoro alikuwa ameshasimama langoni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, anasalimia kila apitaye, maana hakuwa amemkosea mtu. Mke alipita karibu naye na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, dada," alisema yule mtu, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba. Usilitue godoro bado, litachafuka."

Ofisini Saa Ngapi alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Mke hakumpa.

"Mkuu, ile kanuni ya vyumba iko wapi?"

"Ukutani. Kwani unataka kuiimba?"

"Nisomee. Mimi miwani sina." Hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake.

Saa Ngapi alisoma kwa uchovu. "Mwendeshaji wa baiskeli ndiye mwenye chumba chenye namba ya baiskeli hiyo."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Haijasema awe na ndevu."

Saa Ngapi alimtazama. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika tumbo. "Wewe? Kreti mbili? Hata mumeo zimemvunja."

"Zilizomvunja si kreti, unajua. Mimi kwetu nilikuwa nachota maji kwa baiskeli ya baba, madumu manne, mlima kwenda na mlima kurudi. Nilipanda baiskeli kabla mume wangu hajajua kama nipo."

"Na cherehani?"

"Cherehani haina chumba."

Saa Ngapi aliacha kucheka. Alitoka, akaenda kwa mwenye bekari, akakaa huko muda mrefu. Kupitia ukuta mke alisikia sauti mbili, moja ikiuliza na nyingine ikikadiria. Aliporudi alikuwa na karatasi.

"Majaribio miezi mitatu. Nusu mshahara."

"Mikate nusu?"

"Mikate yote."

"Kazi yote kwa nusu mshahara. Na pedali?"

"Mama, pedali usizitaje tena katika ofisi hii. Unataka au hutaki? Yule bwana pale nje amechoka kusimama."

Dirishani alionekana yule mtu, amekumbatia godoro lake lisiguse chini. Mke alimtazama kwa muda. Alijua kwamba yeye naye kuna mtu anamsubiri mahali, ameambiwa leo tumepata chumba. Kisha akageuka, akaichukua kalamu, akaweka sahihi.

"Inua visigino," Saa Ngapi alisema.

Aliinua. Msimamizi alihesabu hadi ishirini, naye alikaa juu kama mshumaa, macho yake kwenye macho ya msimamizi, mpaka aliyeanza kutazama pembeni akawa yule anayehesabu.

*

"Umenivua nguo mbele ya watu," mumewe alisema jioni ile.

"Nimekuvua raba tu."

"Usinifanyie mzaha! Watasema nini? Fulani kakalia kitanda, mkewe anabeba kreti!"

"Waliokukana leo asubuhi ndio unaogopa watasema?"

Mumewe alikuwa na hasira nyingi na hakuna hata moja iliyokuwa ya mkewe, ila mkewe ndiye aliyekuwa karibu. Nyuma ya pazia mama alikuwa kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika chumba kile.

"Wiki tatu," mke alisema, sauti imeshuka. "Nesi alisema wiki tatu. Ukae, upone. Utashona hizi sare, mshono ulionyooka unauweza, na kwa mguu wa kushoto. Ukipona utairudia baiskeli yako."

"Wameandika miezi mitatu."

"Najua walichoandika."

"Na baada ya miezi mitatu wataipata wapi tena kazi kamili kwa nusu mshahara? Unadhani watanirudisha mimi?"

Mke aliendelea kujaza vitambaa mbele ya zile raba, maana zilikuwa ndefu kwake, lakini ubavuni, hata baada ya kupasuliwa, bado zilibana. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza ofisini, kalamu ikiwa mkononi.

"Mama watoto," mumewe alisema, "kitambaa kile kiweke nyuma. Si panapouma."

"Hapajauma popote bado."

"Kiweke hivyo hivyo."

*

Asubuhi, ukaguzi ulipokwisha, mume alitoka nje akichechemea, na safu nzima ikamwona. Hakuna aliyecheka. Kumi na Moja alisaidia kuinua kreti ya mbele bila kuombwa, akarudi kwenye nafasi yake ameinamisha kichwa.

Mke alipanda. Kreti ya mbele ilimfika kidevuni, ilimbidi anyooshe shingo ili aone njia. Mumewe alipiga goti kwenye unga na matope ya uani, akaushika mguu wa kulia wa mkewe kwa mikono miwili, akausogeza mbele mpaka bomba likakaa katikati ya wayo.

"Hapo. Usiuondoe hapo."

"Hapo sina nguvu, baba. Nakanyaga kama mtoto."

"Nenda polepole."

"Maduka ishirini na mbili, polepole?"

"Kanyaga kwa katikati, nakwambia. Ukisikia joto, shuka. Shuka hata kama wanakutukana. Ukisikia ganzi, shuka."

"Nikishuka kila mara nitarudi saa ngapi?"

Wote wawili walisikia alichosema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheka.

"Kumi na Nne!" Saa Ngapi aliita kutoka mlangoni. "Tunakungoja wewe tu!"

"Nakuja, mkuu," alijibu mke. Akaugusa utosi wa mumewe, mara moja, kama mtu anayepangusa vumbi. "Niachie."

Aliuachia mguu. Baiskeli iliyumba, ikanyooka, ikavuka ua taratibu, bomba likiwa katikati ya wayo kama alivyoliweka. Nje ya lango barabara inapinda kulia na kupanda, mita mia mbili hivi, hadi kwenye duka la kwanza. Mume alisimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo ya lango. Mita kumi za mwanzo mguu ulibaki pale pale. Kisha kilima kikaanza, kreti zikamvuta nyuma, mwendo ukafa karibu baiskeli isimame. Mke aliinuka kwenye siti, akainama mbele, akatafuta nguvu mahali nguvu ilipo. Mumewe aliuona wayo ukirudi nyuma kidogo kidogo, katikati, kisha mbele ya katikati, mpaka bomba likafika nyuma kidogo ya vidole, pale pale lilipomuumiza yeye, na kukaa.

Baiskeli ikashika mwendo, ikapanda.